Je, Wajua? Jua la Zorn ni Karatasi Tupu
Je, wajua kwamba mwanga unaong'aa katika picha za chapa za waogaji za Anders Zorn, msanii wa Sweden (1860–1920), haukuchorwa? Katika kazi kama "Edö" ya mwaka 1907, bamba la shaba hupakwa nta, sindano huikwangua, kisha asidi hula shaba pale tu sindano ilipopita. Mifereji hiyo ndiyo hushika wino, nao huhamia karatasini bamba linapokandamizwa juu yake. Kwingine hubaki weupe wa karatasi. Zorn hakuuzungushia mwili mstari wa mpaka. Mistari yake sambamba ya kivuli hukoma ghafla, na hapo ndipo jua huanza kuwaka juu ya ngozi. Maji nayo aliyajenga kwa mistari iliyokatika, na mapengo yake yakawa mmeto.

Wako watakaosema kwamba sifa ni ya mpiga chapa, ambaye kwa kufuta wino huamua picha ing'ae kiasi gani. Ni kweli, wino usiofutwa wote huacha utando wa kijivu. Lakini utando hauwezi kutenganisha wimbi na bega. Mistari ndiyo hutenganisha, na ni ya Zorn. Ukiiona chapa yake, anza kutazama pasipo na wino.