Ukungu Haupenywi kwa Flashi

“Fundi, flashi gani kali inapenya ukungu? Naenda kwenye magofu ya Gede, Kenya.” Kila likizo ikikaribia naulizwa hivi hapa Buswelu, Mwanza, na wengine huuliza wakiwa wameshanunua. Jibu ni moja: hakuna.

Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Ukuta wa msikiti mkuu wa Gede ukiwa mita 10 mbele yako, tone la ukungu lililo nusu mita kutoka kwenye flashi linapata mwanga mara 400 ya unaofika ukutani, na sehemu yake linairudisha kwenye lenzi. Ukinunua flashi kali zaidi, tone nalo linazidishiwa. Ile 400 iko palepale. Aliyepiga picha usiku ufukweni Mwanza wadudu wa ziwani wakiwa wamezuka anajua matokeo: madoa meupe mbele, mtu haonekani.

Halafu kuna plastiki ya njano ya kubandika kwenye flashi, eti inakata ukungu. Inakata pesa. Tone la ukungu lina kipenyo cha maikromita 10 hivi, ilhali mawimbi ya mwanga tunaouona hayafiki hata maikromita 1. Kwa tone kubwa kiasi hicho, njano na buluu hutawanywa karibu sawasawa. Rangi husaidia kidogo kwenye moshi mwembamba, wenye chembe ndogo mno. Ukungu si moshi, jamani!

Na kwa nini uupenye? Gede ni mji wa mawe ya matumbawe uliohamwa karne ya 17, msitu ukaumeza hadi mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia. Jua likiwaka, madoa ya mwanga na vivuli vya majani huchanganya kuta na mizizi, jicho likakosa pa kushika. Ukungu ndio unaotenga ukuta wa karibu na wa nyuma. Mtu anabahatika kuupata, anauwashia flashi!

Basi: zima flashi. Ongeza mwanga +1, maana kamera ikiona weupe mwingi hutia giza. Tumia stendi na ISO ndogo. Fokasi iwe kwenye ukingo wa mlango, si kwenye weupe mtupu. Hifadhi faili ghafi. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ikae kwanza nje ndani ya begi lililofungwa, kioo kisije kikashika mvuke. Wa simu, gusa ukuta, kisha pandisha mwanga kidogo. Ndizi usizitie kwenye begi la kamera. Kima wa Gede hawaogopi watu.