Usaili wa kwanza wa muuguzi: jibu lianzie kwa mgonjwa

Mama amejifungua salama, lakini muda mfupi baadaye shuka limelowa damu. Wewe ndiye muuguzi wa zamu. Utafanya nini?

Mhitimu anayekwenda kwenye usaili wake wa kwanza ajiandae kwa swali la namna hii kuliko jingine lolote. Wengi hukesha wakikariri maana za magonjwa. Wakiulizwa hivyo, huanza kueleza kwamba kupoteza damu kuanzia mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida ni hatari. Ni kweli, ila mama bado anavuja damu. Jopo linataka kusikia hatua: unaita msaada, unakanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, unatoa oksitosini, unafungua mshipa na kuweka dripu, unahakikisha kibofu ni kitupu, unakagua kondo la nyuma na michaniko, unapima presha na mapigo ya moyo. Kisha unaandika kila ulichofanya na saa uliyokifanya.

Mpangilio huo ndio unaomtofautisha aliyesoma na aliyeiva. Maswali mengine nayo hujibiwa kwa hatua vivyo hivyo. Mtoto mchanga asiyepumua lazima akaushwe na kuchangamshwa mara moja, na asipoitikia asaidiwe kupumua kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika 1 tangu kuzaliwa. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, toa taarifa, na uanze dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Hesabu nazo zisikutoroke: mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, ni takriban matone 42 kwa dakika.

Kuna swali la uaminifu pia: umempa mgonjwa dawa isiyo yake, na hakuna aliyeona. Jibu ni moja tu. Unamwangalia mgonjwa kwanza, unamwita daktari, unamjulisha kiongozi wa zamu na kuandika kilichotokea. Hata pale usipojua, sema kwamba ungeangalia mwongozo au ungemuuliza aliye juu yako. Muuguzi anayebahatisha ni hatari kuliko anayeuliza.

Haya yote hayatasaidia ukizuiwa mlangoni. Kwa ajira za serikali nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha taaluma, pamoja na kitambulisho. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Muuguzi awe na usajili na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, shughulikia hati ya kisheria ya majina mapema, kwa sababu asubuhi ya usaili hakuna wa kukusaidia. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, hivyo weka akiba tangu siku unayotuma maombi.

Siku zilizobaki, usisome peke yako. Kaeni wawili au watatu, mmoja aulize, mwingine ajibu kwa sauti akiwa ameketi wima. Jizoezeni pia kumweleza mgonjwa hali yake kwa Kiswahili chepesi, maana muuguzi asiyeeleweka na mgonjwa hajamaliza kazi yake.

Nanyi wauguzi wazoefu, kijana akiwaomba nusu saa ya kufanya naye mazoezi, mpeni. Mnajua maswali ambayo wodi yenyewe huuliza usiku wa manane, na huenda huyo ndiye atakayepokea zamu yenu.