Joto Linavyopunguza Mwendo wa Kompyuta ya Michezo

Kompyuta mpakato zinazoundwa kwa ajili ya michezo huuzwa kwa bei kubwa, na wengi huzinunua pia kwa kazi nzito kama usanifu wa majengo na uhariri wa filamu. Malalamiko ya wenye kuzitumia hufanana. Mchezo huanza vizuri na picha hupita bila kukwama. Baada ya dakika kumi hivi feni huvuma kwa nguvu, sehemu ya juu ya kibodi huwa ya moto, na picha huanza kusitasita. Baadhi yao hudhani kwamba mashine imeingiwa na virusi au imechakaa, wakabadilisha programu zote au wakaiuza kwa hasara. Mara nyingi mashine hiyo ni nzima. Joto limekosa njia ya kutokea, na mashine inajilinda. Kanuni zinazoeleza jambo hili ni zile zile zinazofundishwa katika fizikia ya shule ya sekondari.

Chanzo cha joto

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni chenye mabilioni ya transista. Kila transista ni swichi inayofunguka na kufungika kwa kufuata mapigo ya saa ya mashine, ambayo hufikia mabilioni kadhaa kwa sekunde. Kila badiliko hutumia umeme kidogo, na takriban nishati yote inayoingia katika prosesa huishia kuwa joto.

Kompyuta ya michezo ina prosesa mbili kubwa: prosesa kuu, na prosesa ya picha inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo. Mfano ni prosesa ya picha ya kompyuta mpakato iitwayo GeForce RTX 4090, iliyotangazwa na kampuni ya NVIDIA mwaka 2023. Hiyo inaweza kutumia hadi wati 175, ilhali prosesa yenye jina hilo hilo iliyoundwa kwa kompyuta ya mezani hutumia hadi wati 450. Sanduku la mezani lina nafasi ya feni kubwa na chuma kingi cha kupoozea. Mashine yenye unene wa vidole viwili haina nafasi hiyo. Mnunuzi asidhani, basi, kwamba jina moja ni dalili ya nguvu moja.

Safari ya joto

Joto huanza safari yake kwenye uso wa prosesa. Juu yake kuna bamba la shaba, lakini nyuso mbili za vitu vigumu hazigusani kikamilifu. Kati yake hubaki mianya midogo yenye hewa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Kwa sababu hiyo mianya hujazwa grisi maalumu ya kupitisha joto. Grisi hiyo ikikauka baada ya miaka kadhaa, hewa hurudi na joto hukwama.

Kutoka kwenye bamba joto huchukuliwa na mirija ya shaba, ambayo kwa kawaida huwa na maji kidogo ndani yake kwa kanieneo ndogo. Maji huvukizwa kwenye ncha yenye joto, mvuke hukimbilia ncha ya pili, hupoa na kuwa maji tena, kisha maji hurudi yalikotoka kwa kufyonzwa na utando ulio ndani ya mrija, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Mrija wa namna hii ulifanyiwa majaribio na George Grover huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Mwisho wa mirija kuna vibati vyembamba vingi, na feni husukuma hewa katikati yake.

Hesabu ya hewa

Kilo 1 ya hewa huhitaji takriban jouli 1,000 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1 ya Sentigredi. Ichukuliwe kwamba mashine inatoa joto la wati 150, yaani jouli 150 kila sekunde, na kwamba hewa ipitayo inapanda kwa nyuzi 25. Hewa inayohitajika ni:

150 ÷ (1,000 × 25) = kilo 0.006 kila sekunde

Kiasi hicho ni kama lita 5 za hewa kila sekunde. Vumbi likiziba vibati hata hewa ikapungua kufikia lita 2.5, hewa itapaswa kupanda kwa nyuzi 50 ili ibebe joto lile lile. Jijini Dar es Salaam, alasiri yenye nyuzi 32, hewa hiyo ingetoka ikiwa na nyuzi 82. Kwa kuwa joto huhama kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye ndogo, prosesa yenyewe italazimika kuwa na halijoto kubwa zaidi ya hiyo.

Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni baridi zaidi, na hiyo ni faida. Lakini pia ni nyepesi: kwa halijoto ile ile, lita moja ya hewa ya huko hubeba joto pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko lita moja ya hewa ya pwani.

Namna mashine inavyojilinda

Ndani ya prosesa mna vipimajoto vidogo. Katika prosesa nyingi za kompyuta mpakato kikomo ni karibu nyuzi 100. Kikomo kikifikiwa, mashine hupunguza mapigo ya saa na volti. Nguvu inayotumiwa na transista hukadiriwa hivi:

P = C × V² × f

Hapa C ni uwezo wa saketi kuhifadhi chaji, V ni volti, na f ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Volti na mapigo yakipunguzwa kila kimoja kwa asilimia 10, nguvu huwa 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.73 ya ile ya awali. Mwendo umepungua kwa sehemu moja ya kumi. Joto limepungua kwa zaidi ya robo.

Mtumiaji aweza kuitumia hesabu hii kwa manufaa yake. Akiuwekea mchezo kikomo cha picha 60 kwa sekunde badala ya kuuacha uchore kadiri uwezavyo, prosesa hupata nafasi ya kupumzika. Mashine isiwekwe juu ya kitanda wala mto, maana kitambaa huziba matundu ya chini. Vumbi liondolewe mara kwa mara mashine ikiwa imezimwa, na grisi iliyokauka ibadilishwe na fundi. Tahadhari hizi huilinda betri pia, kwa kuwa joto la muda mrefu huifupishia maisha.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuwaongoza wanafunzi kupima jambo hili kwa kompyuta mpakato yoyote. Programu nzito iendeshwe kwa dakika 15 mashine ikiwa mezani, na kila dakika halijoto ya prosesa na mapigo yake yaandikwe kwa msaada wa programu ya kupimia. Mashine ipoe, kisha jaribio lirudiwe nyuma yake ikiwa imeinuliwa kwa vitabu viwili bila kuziba matundu, na grafu zilinganishwe. Mapigo yakishuka pale halijoto inapogonga kikomo, joto ndilo chanzo. Yakishuka ilhali halijoto ni ndogo, chanzo kitafutwe kwingine: pengine chaja haitoi umeme wa kutosha, au mashine imepangwa kutumia umeme kidogo.