Mvinyo mtamu mweupe: jua ulikotoka kabla ya kuupakia

Chupa mbili za mvinyo mtamu mweupe zaweza kukaa rafu moja katika duka la Ayivu, jijini Arua, na mbele ya forodha zikawa bidhaa mbili tofauti. Mfanyabiashara asiyejua zilikotoka anaweza kuiacha faida yake mpakani.

Mfano wa mvinyo wa gharama ni ule wa Château de Fargues, shamba la eneo la Sauternes, Ufaransa, lililo mikononi mwa familia ya Lur-Saluces tangu mwaka 1472. Huko zabibu huachwa mtini hadi ziote ukungu unaozipunguza maji na kubakiza sukari. Wachumaji hurudi shambani mara kadhaa, wakichuma zilizo tayari tu. Kanuni za Sauternes haziruhusu zaidi ya lita 2,500 kwa hekta. Ndiyo maana mvinyo huo ni ghali hata kabla ya kupanda meli.

Karibu zaidi kuna Dodoma, Tanzania, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wa huko ukiwa na cheti cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, hautozwi ushuru wa forodha unapoingia Uganda. Wa Ufaransa hutozwa. Hata hivyo, cheti hakifuti kodi nyingine: ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18 hulipwa kwa mvinyo wote.

Aidha, tangu Novemba 2019 mvinyo unaouzwa Uganda hutakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kidijitali. Chupa isiyo nayo inaweza kukamatwa dukani au njiani.

Wanaovusha mzigo kwenda Aru kupitia Vurra, au Kaya kupitia Oraba wilayani Koboko, waulize kwanza masharti ya upande wa pili. Kodi iliyolipwa Uganda haiwaondolei kodi ya huko. Nao wenye malori wakumbuke kuwa mzigo wa transit hauruhusiwi kushushwa Arua, hata katoni moja.

Mwisho ni joto. Mvinyo uliochemka chini ya turubai hupoteza ladha, na wakati mwingine husukuma kizibo na kuvuja. Lori likikwama kwenye foleni, litafutiwe kivuli. Mnunuzi akikataa katoni, hakuna cheti kitakachorudisha fedha.