Kumtegemea Mwenyezi Mungu kwa Sala Wakati wa Huzuni Kubwa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunaeleza maana ya tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, pale moyo unapozidiwa na huzuni.

Wengi wetu hatujausahau usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2011. Idi ilikuwa ndiyo kwanza imepita. Watu walipanda meli ya Spice Islander hapa Unguja kwenda Pemba. Meli ilichukua watu kupita uwezo wake, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Maiti zaidi ya 200 waliopolewa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai, 2012, Ramadhani ikibisha hodi, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe. Zikawapo nyumba zilizotandika majamvi ya msiba zisiwe na maiti wa kuzika.

Aliyefikwa na msiba kama huo huweza kujiuliza: nitasimamaje kusali, na moyo wangu umevunjika? Jawabu tunalipata katika maisha ya Mtume wetu (S.A.W.). Katika mwaka mmoja alifiwa na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Akaenda Taif, akapigwa mawe. Wanavyuoni wengi wanasema kwamba Miraji ilikuja baada ya hayo, na huko ndiko sala tano zilikofaradhishwa. Basi sala haikuletwa kwa wasiokuwa na majonzi tu. Na imepokewa kwamba kila lilipomtaabisha jambo, Mtume (S.A.W.) alikimbilia sala.

Ndugu zetu, wako wanaodhani kwamba mwenye kumtegemea Mungu halii. Sivyo. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yake yakafanya weupe, naye ni Nabii; lakini mashtaka yake aliyapeleka kwa Mola wake. Mtume wetu naye alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, akabainisha kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kuchana nguo na kumlaumu Muumba. Machozi ya kwenye sijda si upungufu wa imani.

Wako pia wanaotumia jina la kadari kufunika uzembe. Kumpakia mtu katika chombo kilichokwisha kujaa, kisha kikizama ukasema ni amri ya Mungu, hiyo si tawakkul. Mtume (S.A.W.) alimfunza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Ajali imo katika elimu ya Mwenyezi Mungu, na aliyezembea ataulizwa. Kudai haki kwa njia ya sheria hakuiharibu subira ya mfiwa.

Na wewe mama unayeitazama bahari hadi leo, usidhani kwamba mwanao amepotea kwa Mola wake. Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Dua haihitaji kaburi ili ifike. Mwombee katika sijda zako, mtolee sadaka. Ukishindwa na maneno, nyanyua mikono tu. Mwenyezi Mungu anayajua yaliyomo kifuani.

Nasi majirani tusihani siku tatu kisha tukasahau. Kumpikia mfiwa, kumlea yatima na kumwamsha mwenzetu aliyevunjika moyo tukasali naye jamaa, hayo yote ni katika ibada.

Ewe Mola wetu, warehemu waliozama na waliozikwa, wape subira waliobaki, na utujaalie tukutegemee Wewe katika raha na katika dhiki. Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Amin.