Mgeni Anayelipa: Istilahi za Safari ya Shanta

Kosa lililosababisha makala haya nililitenda mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa marafiki wanne, tukafunga safari ya kwenda Malaysia. Kila mmoja alikuwa na shanta lake mgongoni na fedha za kuhesabu. Tulikusudia kukaa siku nne katika kijiji kimoja cha jimbo la Pahang, nyumbani kwa wenyeji, badala ya kulala hotelini. Maelezo yalikuja kwa Kiingereza, nami, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikatakiwa kuyafasiri. Nikaandika: "Tutakuwa wageni wa familia moja ya kijijini."

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, nayo ilituaibisha. Mwenzetu mmoja, mwalimu, aliisoma kama Mswahili yeyote angalivyoisoma. Alinunua jozi mbili za kanga, akafunga korosho na kahawa, akaamini kuwa amekwisha kutimiza wajibu wa mgeni. Siku ya kuondoka, mratibu wa kijiji alipofika na kitabu cha stakabadhi, mwalimu hakuwa na fedha za kutosha. Tulimchangia. Hata hivyo mama mwenye nyumba, ambaye tulizoea kumwita Mak Cik kama wamwitavyo vijana wa pale mama wa makamo, aliinamisha uso kuliko sisi. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Neno moja lilikuwa limeahidi jambo ambalo mapatano hayakuliahidi.

Hapana budi basi tulitazame neno hilo. Katika Kiswahili mgeni ni mtu mwenye haki. Twasema "mgeni njoo, mwenyeji apone", maana chakula kizuri hupikwa kwa ajili yake na wenye nyumba wakanufaika naye. Twasema pia kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Yafaa kuangalia kwamba hata methali hii ya pili, inayoonekana kuwa kali, haimtaki mgeni alipe. Inamtaka afanye kazi kama watu wa nyumbani. Malipo ya mgeni ni jembe, zawadi na shukrani. Fedha zikiingia, uhusiano hubadilika.

Msomaji aweza kunipinga kwa kutaja "nyumba ya wageni", ambako kila alalaye hulipa na hakuna anayeshangaa. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini hapo fedha zinaashiriwa na jengo lenyewe, lenye kibao mlangoni, daftari la majina na ufunguo wenye namba. Ukiondoa jengo hilo ukaweka sebule ya watu, na watoto wanaosoma chini ya taa, neno "mgeni" hurudia maana yake ya asili. Hapo ndipo nilipoteleza.

Utaratibu tuliokutana nao una historia yake. Serikali ya Malaysia iliuzindua rasmi mwaka 1995 katika vijiji vya Desa Murni, wilaya ya Temerloh, katika jimbo hilo hilo la Pahang. Nyumba zinazopokea watu husajiliwa na wizara inayoshughulikia utalii; mgeni hulala chini ya paa moja na familia na kula wanachokula. Kwetu, mratibu ndiye aliyetugawa nyumba kwa nyumba na kupokea ada. Hii si hoteli, wala si upangaji, kwa sababu mpangaji hana haki ya kula sahani moja na mwenye nyumba.

Nalo suala la jina limewasumbua wenyewe. Watu wengi wa huko hutumia neno la Kiingereza "homestay" kama lilivyo. Dewan Bahasa dan Pustaka, chombo cha lugha kilichoanzishwa mwaka 1956 na ambacho kazi yake yafanana na ile ya Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa hapa Tanzania mwaka 1967, kina istilahi ya Kimalei: inap desa. "Inap" ni kulala usiku, "desa" ni kijiji. Ni istilahi fupi na nyofu. Lakini neno la kigeni ndilo lililoenea, na katika kuenea limepoteza mipaka, hata leo nyumba tupu ya kukodi, isiyo na baba wala mama ndani yake, hutangazwa kwa jina hilo hilo. Kwa maoni yangu huo ndio ubaya wa kuliachia neno liingie bila kulipatia fasili. Tukiandika "homstei" nasi, tutarithi neno pamoja na vurugu yake.

Kuhusu msafiri mwenyewe sina maneno mengi. Waingereza wamempa jina la mzigo wake, na mzigo wenyewe huitwa pia kwa neno la Kijerumani, Rucksack, yaani mfuko wa mgongo. Wamalei wana "beg galas". Sisi tunalo shanta, neno lililokwisha kukaa. Kwa hiyo "msafiri wa shanta" yatosha. Niliwahi kuletewa pendekezo la "mbeba-mgongoni", nikacheka, kwa maana aliyenijia akilini ni mama na mtoto wake.

Kwa jambo lenyewe napendekeza "malazi kwa wenyeji". Malazi ni neno ambalo watumishi wa serikali wanalijua kutoka katika hati za safari, na mtu akiliona hutazamia gharama. Mwenyeji ni mkaaji wa mahali na pia mpokeaji wa mgeni, maana mbili ambazo hapa zahitajika pamoja. Asiyekuwamo nyumbani hawezi kuitwa mwenyeji, hivyo nyumba tupu imekwisha kutolewa nje ya fasili. Kitendo chenyewe tusikitungie neno, kwani lipo: mtu hufikia kwa fulani. "Umefikia wapi?" ni swali la kila siku, wala halisemi kama kuna malipo au hakuna. Kwa sababu hiyo lafaa katika masimulizi, si katika mapatano.

Sentensi yangu sasa ingesomeka: "Tutapata malazi kwa wenyeji, kwa ada ya kila usiku italipwayo kwa mratibu wa kijiji." Ni ndefu, lakini mwalimu angalibakiza fedha.

Limebaki neno moja ambalo sijaridhika nalo, nalo ni la yule anayepokewa na kulipa. Mezani ataitwa mgeni, na katika stakabadhi nimemwandika "mlipaji", neno kavu mno. Wavuvi wa pwani, wanapopiga dago mbali na kwao, hukaa wiki nyingi karibu na watu wasio jamaa zao. Kama wasomaji wa Pemba, Mafia, Lamu au Kilwa wanalijua jina wanaloitwa wavuvi hao na wenyeji wao, watuandikie.