PlayStation Ilizaliwa Juu Nintendo Waliruka Dili: Story ya Konsoli Tangu 1972

Ukishika pedi kwa base ya PS mtaani, umeshika safari ya zaidi ya miaka 50. Cheki vile ilienda.

Konsoli ya kwanza ya nyumbani ilikuwa Magnavox Odyssey, iliyotoka Marekani 1972. Aliyeibuni ni msee anaitwa Ralph Baer. Haikuwa na sauti hata kidogo, na kwa skrini ulikuwa unaona vidoti vyeupe na mstari tu. Ukitaka uwanja wa rangi, unabandika karatasi ya plastiki kwa TV. Usicheke, watu walienjoy.

1977 Atari wakaleta VCS, ile ilikuja kuitwa 2600. Gemu zilikuwa kwa kaseti: unachomoa moja, unaweka ingine. Pesa ikaonekana, kila kampuni ikataka kuingia, soko likajaa gemu za ovyo, na 1983 biashara ikaanguka vibaya Marekani. Mwaka huohuo, Nintendo wa Japani walitoa Famicom. 1985 wakaipeleka Marekani kwa jina la NES, na Mario akafufua kila kitu.

Sasa udaku wenyewe. Nintendo na Sony walikuwa wamekubaliana kuunda konsoli ya kusoma CD. Juni 1991, Sony wakaitangaza kwenye maonyesho Chicago. Kesho yake, Nintendo wakasimama hapohapo na kusema wanafanya kazi na Philips. Aibu! Injinia wa Sony, Ken Kutaragi, akasukuma wakubwa wake hadi wakakubali kuunda yao. Desemba 3, 1994, PlayStation ikaingia madukani Japani.

Silaha yake ilikuwa CD. Kaseti ni ghali kuunda na haibebi mengi. CD ni bei ya chini na inabeba mamia ya megabaiti. Nintendo 64 ilipotoka 1996 bado ilikuwa na kaseti, zenye kubwa kabisa zilibeba megabaiti 64. Final Fantasy VII ya 1997 ilijaza diski tatu, so ikahamia kwa Sony. PS1 ikauza zaidi ya milioni 100, N64 kama milioni 33. PS2 ya 2000 nayo ikapita milioni 150.

Mbona ikuhusu? Juu diski ndio imekuwa ikizungusha gemu mtaani. Ukichoka nayo unamuuzia beshte, ama mnabadilishana. Lakini PS5 ya 2020 ilikuja pia na aina isiyo na pa kuweka diski, na PS5 Pro ya 2024 inauzwa bila, hiyo sehemu unanunua kando. Gemu umeshusha kwa neti huwezi kuiuzia mtu.

Na hata diski si guarantee tena. The Crew ya Ubisoft haikuwa inacheza bila intaneti. Seva zilipozimwa Machi 31, 2024, waliokuwa na diski walibaki na plastiki tu.

So kabla utoe doh yako ngumu, uliza muuzaji vitu viwili: hii mashine inakula diski? Na hii gemu inacheza bila neti? Akianza kuzungusha maneno, jipange upya.